Majumba ya sinema ya zamani: yalivyojengwa, yalivyozimika na nani atayakumbuka

Kwa ufupi
• Majumba ya sinema Tanzania yalianza Zanzibar, yakaenea Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha, Mwanza na miji mingine.
• Vijijini filamu zililetwa kwa gari, nyingi zikiwa za mafunzo.
• Majumba mengi yalifungwa kati ya miaka ya 1980 na 1990. Mengine yamegeuzwa makanisa, maduka na maghala, mengine yamebomolewa.
• Sheria ya mambo ya kale haiyalindi moja kwa moja, kwa sababu si ya kale vya kutosha.
• Kumbukumbu nyingi zimo vichwani mwa wazee, na unaweza kuzirekodi kwa simu uliyonayo mkononi.

Wasikilizaji wetu wa Samunge, Digodigo, Sale na Malambo wanajua kwamba huku kwetu mtu hakuwa na jumba la sinema la kwenda jioni. Majumba hayo yalikuwa ya mijini. Aliyetaka kuangalia picha akiwa ameketi kwenye kiti, taa zikizimwa na pazia likifunguka, alisafiri mbali hadi Arusha. Hata hivyo wapo wazee wetu waliofanya hivyo. Walikwenda kuuza ng'ombe, kutafuta kazi, kusoma au kutibiwa, na kabla ya kurudi nyumbani wakaingia sinema.

Vijana wanapowasikia wakitaja Metropole ya Arusha au Plaza ya Moshi, huuliza: hayo yalikuwa majumba gani, na yamekwenda wapi? Makala hii inajibu maswali hayo.

Jumba la sinema lilifanyaje kazi?

Leo filamu nzima inakaa ndani ya kadi ndogo ya simu. Zamani filamu ilikuwa mkanda wa plastiki wenye upana wa milimita 35, uliojaa picha ndogo ndogo zilizopangwa moja baada ya nyingine. Picha 24 zilipita mbele ya taa kali kila sekunde, na macho yakaziona kama mwendo mmoja.

Kwa mwendo huo, dakika moja ilimaliza takriban mita 27 za mkanda. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilihitaji karibu kilomita 5 za mkanda! Hakuna gurudumu moja la kawaida lililoweza kubeba mzigo huo. Kwa hiyo filamu iligawanywa katika magurudumu kadhaa, kila moja la dakika kumi au ishirini hivi, na chumba cha mitambo kikawa na mashine mbili. Gurudumu la kwanza likikaribia kwisha, fundi aliwasha mashine ya pili kwa wakati uleule. Akichelewa, ukumbi mzima ulipiga miluzi.

Mkanda mmoja ulikuwa ghali, na nakala zilikuwa chache. Ndiyo maana baadhi ya majumba ya mji mmoja yaligawana nakala ileile usiku mmoja. Gurudumu lililokwisha kuonyeshwa jumba la kwanza lilipakiwa kwenye baiskeli na kukimbizwa jumba la pili. Baiskeli ikipata pancha, watazamaji wa jumba la pili walikaa gizani wakisubiri kujua kama steringi amepona.

Jambo jingine la kukumbuka ni moto. Mikanda iliyotengenezwa kabla ya mwanzo wa miaka ya 1950 ilikuwa ya plastiki iitwayo naitreti, inayoshika moto upesi na ambayo maji hayaizimi kirahisi. Chumba cha mitambo kilijengwa kwa kuta nene na madirisha madogo ili moto ukitokea usiwafikie watu ukumbini.

Kutoka Zanzibar hadi Arusha

Zanzibar ilitangulia. Mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifanya sinema biashara ya kudumu visiwani. Alianza kwa maonyesho ya kuhamahama na baadaye akawa na ukumbi ambao watu waliuita Cinema ya Bati. Mwaka 1921 likafunguliwa jumba la Royal, lililochorwa na msanifu Mwingereza John Sinclair. Baadaye liliitwa Majestic. Liliungua katika miaka ya 1950, likajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 1955.

Bara nako mambo yalishika kasi. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Empress, Azania na Amana. Mwanza ilikuwa na Liberty na Tivoli. Morogoro ilikuwa na Shan, Moshi Plaza, na Arusha Metropole. Wenye majumba wengi walikuwa familia za Kihindi zilizofanya biashara katika miji hiyo, lakini watazamaji walikuwa watu wa kila namna: makuli, makarani, wanafunzi, wauza samaki, mama na watoto wao. Tiketi zilitofautiana bei kulingana na kiti. Wa bei nafuu walikaa mbele kabisa, shingo zikiwa juu, na wenye uwezo wakakaa nyuma au ghorofani.

Filamu za Kihindi ndizo zilizoteka mioyo. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, na Mother India ya 1957 zilirudiwa mara nyingi, na watu wasiojua Kihindi hata kidogo waliimba nyimbo zake. Zilikuwepo pia filamu za kaboi za Marekani, za Misri, na kuanzia miaka ya 1970 zile za kareti za Bruce Lee. Filamu ikiwa kali, walanguzi walinunua tiketi mapema na kuziuza mlangoni kwa bei ya juu. Zanzibar yalikuwepo hata maonyesho ya wanawake peke yao, na kwa wengi hiyo ilikuwa nafasi ya kutoka nyumbani na kukutana na wenzao.

Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata sinema ya kutazamwa ndani ya gari, eneo la Msasani. Watu waliegesha magari mbele ya pazia kubwa la nje na kusikiliza sauti kupitia spika ndogo. Wasio na magari nao hawakukosa njia ya kuingia.

Kijijini filamu ilikuja kwa lori

Wakati watu wa mjini walinunua tiketi na kuchagua filamu, watu wa vijijini waliletewa. Tofauti hii ni muhimu, na mara nyingi husahaulika historia ya sinema inapoandikwa.

Jaribio kubwa la kwanza lilianzia hapahapa Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Uliendeshwa chini ya baraza la kimataifa la wamisionari, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu fupi 35 hivi, zikiigizwa na Waafrika, juu ya mambo kama minyoo ya safura, zao la chai na kuweka akiba posta. Kisha lori lenye mashine na jenereta likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, na nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Maelezo yaliwekwa kwenye sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali.

Filamu hizo ziliwaonyesha watu wa kijijini kama wanafunzi. Mwenye hekima kwenye pazia alifuata ushauri wa serikali, na mjinga akapata hasara. Serikali ya kikoloni iliendelea na mtindo huo kwa magari ya sinema hadi miaka ya 1950, na baada ya Uhuru magari ya wizara ya habari nayo yalipeleka vijijini filamu za maendeleo. Shuka jeupe lilifungwa kati ya miti miwili, watoto wakakaa chini, na wengine wakatazama kutoka upande wa nyuma ambako maandishi yalionekana kinyume.

Hatusemi kwamba mafunzo hayo hayakuwa na faida. Tunasema tu kwamba bibi wa Arusha alikuwa na haki ya kuingia sinema kucheka na kulia, na bibi wa kijijini akaambiwa achimbe choo.

Zilikuwepo pia filamu za kuburudisha za Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kukutana na wajanja wa mjini. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 kijana huyohuyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Ngorongoro yetu ilipopanda kwenye pazia

Tulikosa jumba la sinema, lakini nchi yetu ilionekana katika majumba ya dunia nzima. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek wa Ujerumani, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Serengeti Haitakufa. Yeye na mwanawe Michael walirusha ndege iliyopakwa milia ya pundamilia wakihesabu wanyama. Michael alifariki kwa ajali ya ndege hiyo tarehe 10 Januari 1959, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1960 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar.

Baadaye ikaja Hatari!, ya mwongozaji Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962. Ilipigwa Momella, Arusha na Ngorongoro, na steringi wake alikuwa John Wayne. Dunia nzima ikajifunza neno moja la Kiswahili.

Filamu hizi mbili zilijaza majumba ya Ulaya na Marekani, na zilichangia sana namna watu wa nje wanavyoiona ardhi yetu: wanyama wengi, wenyeji wachache na wa pembeni. Mjadala wa hifadhi na makazi tunaousikia hadi leo ulipata sehemu ya picha zake gizani, ndani ya kumbi za sinema za mbali. Ndiyo maana historia ya sinema inatuhusu hata sisi tuliokaa mbali na tiketi.

Kwa nini yalizimika?

Ukiuliza, wengi watakujibu kwa neno moja: televisheni. Lakini tarehe hazikubali. Televisheni ya Zanzibar ilianza miaka ya 1970, na huku bara ITV na vituo vingine vya mwanzo vilianza 1994. Wakati huo majumba mengi ya bara yalikwishachoka. Televisheni ilimkuta mgonjwa kitandani.

Ugonjwa ulikuwa na sababu kadhaa zilizofuatana.

Ya kwanza ni umiliki. Zanzibar majumba yalichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara, sheria ya 1971 iliipa serikali mamlaka ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Kusudi lilikuwa kuondoa unyonyaji wa kupangisha. Lakini mwenye biashara ya sinema aliyekuwa mwenye nyumba akawa mpangaji, na mpangaji hana haraka ya kuziba paa la mwingine.

Ya pili ni filamu zenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliundwa mwaka 1968, na baadaye ikakabidhiwa kazi ya kuingiza na kusambaza filamu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na upungufu wa fedha za kigeni, kuagiza filamu mpya na vipuri vya mashine kukawa kugumu. Mikanda mikongwe ilirudiwa hadi ikajaa mikwaruzo na viraka.

Ya tatu ni video. Katika miaka ya 1980 kaseti ziliingia kwa wingi, na mtu mmoja mwenye deki, televisheni na jenereta aliweza kufungua ukumbi wake. Ndivyo vilivyozaliwa vibanda umiza, ambavyo vilifika hata huku ambako jumba la sinema halikufika. Ndani ya vibanda hivyo wakatokea watafsiri wa filamu, kama Lufufu, waliosimulia picha za kigeni kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yao.

Ya nne ni ardhi. Majumba yalijengwa katikati ya miji. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, kiwanja cha katikati ya mji kilikuwa na thamani kubwa kuliko tiketi zote za mwaka.

Yako wapi leo?

Mengine yamekuwa makanisa. Mfano unaojulikana sana Afrika Mashariki ni Norman ya Kampala. Katika miaka ya 1980 ilianza kutumiwa na kanisa ambalo sasa linaitwa Watoto. Sababu ni rahisi kuiona: ukumbi mpana, viti vingi, jukwaa mbele na sauti inayosikika vizuri. Jengo la aina hiyo lilikuwa tayari kupokea waumini.

Mengine yamekuwa maduka, maghala au kumbi za harusi. Ukiangalia juu ya mabango ya biashara mara nyingine utaona bado ukuta mrefu usio na madirisha, na alama za herufi kubwa zilizong'olewa.

Mengine yametoweka kabisa. Sinema ya magari ya Msasani ni mfano. Baada ya Ubalozi wa Marekani kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi mpya ulijengwa kwenye kiwanja hicho na kufunguliwa mwaka 2003. Pale watu walipokuwa wakiingia kwa vicheko, sasa huingii bila kukaguliwa.

Machache yamesimama yakisubiri. Majestic ya Zanzibar ilichakaa na paa lake likaharibika, lakini bado inatambulika. Nayo sinema kama biashara haijafa: Dar es Salaam zipo kumbi za kisasa ndani ya maduka makubwa kama Mlimani City, na Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwepo tangu miaka ya 1990.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na mabaki ya kabla ya mwaka 1863. Ndiyo maana magofu ya Engaruka, yenye mifereji na makinga maji ya mawe, yana ulinzi. Wabatemi, ambao hadi leo wanagawana maji ya mifereji kwa utaratibu wa wazee, wanaelewa vizuri thamani ya kitu kama hicho.

Jumba la sinema la 1921 au la 1950 halimo. Waziri anaweza kulitangaza jengo kuwa la kihistoria hata kama si la kale kiasi hicho, lakini lazima kwanza mtu aonyeshe kwamba lina historia. Bila ushahidi, jengo linabaki kuwa kuta na kiwanja. Zanzibar ina nafuu zaidi, kwa kuwa Mji Mkongwe una sheria na mamlaka yake ya uhifadhi, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Hapa ndipo kumbukumbu ya mzee wa kijijini inapopata uzito. Anaweza asijue kwamba anachokisimulia kando ya moto ni ushahidi.

Unachoweza kufanya kwa simu yako

Huhitaji kamera kubwa. Fuata hatua hizi.

1. Omba ruhusa kwanza. Mweleze mzee unarekodi kwa ajili gani na nani atasikiliza. Akikataa sehemu fulani, iheshimu.

2. Tafuta pahali pa utulivu, mbali na upepo na mashine ya kusaga. Weka simu karibu na anayesimulia, na uanze kwa kutaja tarehe na kijiji.

3. Uliza mambo madogo madogo. Ulisafiri vipi hadi mjini? Ulikwenda na nani? Tiketi ilikuwa kiasi gani? Ulikaa wapi? Filamu ilikuwa ipi? Watu walivaaje? Uliporudi nyumbani uliwasimulia nini wenzako?

4. Ukikosa mwaka, tumia matukio. Ilikuwa kabla au baada ya Uhuru? Kabla ya Azimio la Arusha la 1967? Wakati wa vita vya Kagera? Mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa? Njia hii hukupa mwaka wa kukaribia.

5. Linganisha. Wazee wawili wakitofautiana, usimsahihishe mmoja mbele ya mwenzake. Rekodi wote. Wakati mwingine wote wana haki, kwa sababu jumba lilibadilishwa jina au mwenyewe.

6. Usisahau gari la sinema. Aliyetazama filamu kwenye shuka uwanjani ana historia sawa na aliyekaa kwenye kiti cha Metropole, na ya kwake ndiyo iliyoandikwa kidogo zaidi.

7. Piga picha vitu: tiketi, bango, picha ya zamani mbele ya jumba. Piga pande zote mbili, maana nyuma ya picha mara nyingi pameandikwa tarehe. Ukikuta mkanda wa zamani wa filamu, usiusogeze karibu na moto wala kuuacha juani. Harufu kali ya siki ni dalili kwamba mkanda unaharibika.

8. Weka nakala zaidi ya moja. Simu huibwa, huanguka mtoni, huisha. Mpe nakala mwalimu au ndugu aliye mbali.

Arusha lipo Makumbusho ya Azimio la Arusha, lililo chini ya Makumbusho ya Taifa, na serikali ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Hizo ni sehemu za kuanzia kwa mwenye vitu au rekodi za kukabidhi. Nasi tutapokea simulizi zenu kwa namba ileile mnayotumia kutuma salamu. Taja jina la kijiji, jina la jumba au mahali gari la sinema liliposimama, na mwaka wa kukaribia.

Tukumbuke kwamba kijana aliyekuwa na miaka ishirini Awaara ilipotoka, kama yu hai, amekwishapita miaka tisini. Mzee wa namna hiyo akiwa jirani yako, usingoje kiangazi kiishe. Mpitie wiki hii.